Mgeni Rasmi wa Darasa la Pili

14 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sisi huku wazima, isipokuwa goti la dada yako limeanza vituko vyake, na dawa ya kuchua hataki kupaka kwa kuwa eti inanuka uzee. Nilimwambia nitamshitaki kwako. Akasema nenda kashitaki, mkubwa ni yeye. Basi nimeshitaki. Mkaza mjomba msalimie sana, mwambie gauni alilonishonea limenikaa vizuri mpaka mwalimu mkuu akauliza leo kuna sherehe gani.

Ungekuwa mtu wa kupokea simu haya ningekusimulia kwa mdomo, lakini wewe simu ikilia unaifunika mto. Shule zimefunguliwa na nimepewa darasa la pili. Watoto wamejaa hadi dirishani. Miongoni mwao yupo msichana mgeni anayetembea kwa magongo mawili ya kwapani, kama yako. Siku ya kwanza alipoingia darasa lilinyamaza kimya, na unajua darasa la pili halinyamazi hata likiombwa. Kisha maswali yakaanza. Mtoto mmoja tunayemwita Profesa alitaka kujua kama ugonjwa ule unaambukiza kwa kukaa dawati moja. Mwingine akauliza, magongo yakilala yanalala wapi. Sikuwakemea. Mtoto ukimkemea kwa kuuliza, swali lake haliishi, linahamia dawati la nyuma na kuwa mnong'ono.

Nilichofanya ni kutoa kitabu chako cha msichana na kengele. Jalada limebaki utepe mtupu, lakini picha zako bado ziko hai. Nilikishika kifuani, picha zikiwatazama wao, na kabla ya kusoma kila ukurasa niliwauliza: mnaona nini? Wakataja. Ana rinda la njano. Mbwa anamfuata. Ana magongo. Jino limeng'oka. Magongo yakawa jambo moja kati ya mambo mengi, ndivyo nilivyotaka. Tulipofika pale anaponusa moshi, wenzake wote wamelala usingizi wa mchana, akajikokota peke yake mpaka kwenye kengele na kuipiga, shule nzima ikaokoka, Profesa alisimama juu ya dawati. Mjomba, nilisikia fahari kana kwamba nimekichora mimi. Mchana ule ule watoto walikuwa wanagombea kukaa na yule mgeni.

Mpwa wako

2 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, na mwambie dada yangu kwamba ukubwa wake haupunguzi maumivu, apake dawa. Hapa kwetu hatujambo. Mkaza mjomba wako amenunua kuku watatu na sasa anawaongelesha kuliko anavyoniongelesha mimi. Nimehamishia meza yangu ya kuchorea barazani kwa sababu ya mwanga, na jogoo ameshakanyaga rangi ya bluu na kutembea juu ya kazi ya mteja. Mteja alipoiona akaisifu. Nimekaa kimya.

Barua yako nimeisoma, nikampa mkaza mjomba akaisoma, kisha nikaisoma tena kwa sauti ili kuku nao wasikie. Wewe una kipaji, mtoto wewe. Hilo la kuwauliza wanaona nini kabla ya kuwaambia ni jambo ambalo wachoraji tunalilia kila siku na walimu hawatusikii. Wanakimbilia maandishi kana kwamba picha ni mapambo. Nilipokuwa nachora ukurasa wa moshi nilikaa nao mwezi mzima. Moshi ni mgumu. Ukiuzidisha unakuwa mawingu.

Sasa sikia habari njema. Mhariri anataka kukitoa kitabu upya, kwa jalada gumu. Muulize huyo binti amependa ukurasa gani, huo ndio nitaufanya jalada. Mwambie ni ombi la mchoraji mwenyewe, ambaye naye ana magongo.

Mjomba wako

3 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Dada yako anapaka dawa, ila kwa siri, ili nisijue kwamba nimeshinda. Hongera kwa jalada gumu, unastahili na ulistahili zamani.

Nimechelewa kujibu kwa sababu sikujua nianzie wapi. Nianzie kwenye makofi.

Baada ya kile kitabu, watoto walimpenda yule binti kupita kiasi. Akiingia asubuhi wanasimama. Mkoba wake unabebwa na watu wanne. Akijibu swali wanampigia makofi, hata akikosea. Mwalimu mkuu naye alipoona akafurahi, akawa anamketisha mbele kwenye mkutano wa asubuhi, kwenye kiti cha wageni, na wenzake wamesimama juani. Mimi nikadhani tumefaulu. Nilimwandikia mpaka mwalimu mwenzangu wa shule ya jirani ajaribu njia hiyo. Kisha Jumanne moja yule mtoto alitoka chooni, na darasa zima likampigia makofi.

Uliona wapi mtu akapigiwa makofi kwa kutoka chooni? Nilimtazama usoni, Mjomba, na nikajua nimeharibu. Wamemfanya mgeni rasmi. Mgeni rasmi hagombani na mtu, hachezi rede akalengwa mpira, hanong'onezewi umbea, haibiwi penseli. Wanampa kiti na kumwangalia.

Wiki iliyofuata hakuja shule. Nilikwenda kwao. Mama yake anafanya kazi chumba cha kufulia nguo cha hospitali, anamlea peke yake. Alisema mtoto amekataa katakata, na hataki kumlazimisha, kwa hiyo muhula ukiisha atampeleka kwa bibi yake. Huko shule iko mbali, hawezi kufika kwa magongo. Maana yake ni kwamba hatasoma.

Nikaomba kuongea na mtoto. Tulikaa kizingitini. Nikamuuliza kwa nini hapendi tena shule, wenzake si wanampenda? Akasema, "Wananiuliza moto utatokea lini."

Nikamwambia ile ni hadithi tu.

Akafikiri. Akaniuliza, "Na moto usipotokea, Mwalimu?"

Nikakumbuka ombi lako, nikamuuliza kuhusu ukurasa aupendao ili tu tuongee jingine. Akasema hapendi hata mmoja, kwa sababu yule msichana kila akikaa magongo yake yanasimama wima ukutani. "Magongo hayasimami," akasema. "Yanaanguka, na watu wote wanageuka."

Mjomba, naomba kitu. Nichoree kitabu kingine. Kiwe na msichana wa magongo asiyeokoa mtu yeyote. Asishinde mbio, asizime moto, asimfundishe mtu wema. Awe tu.

Mpwa wako

20 Machi

Mpwa wangu,

Barua imefika. Hatujambo. Kuku mmoja ameliwa na mbwa wa jirani, tumezungumza na jirani, amelipa. Mvua zimeanza na karatasi zangu zinajikunja.

Kuhusu lile jambo. Kitabu changu kimesomwa na watoto wengi kabla hujajua kusoma, wewe mwenyewe ukiwa mmoja wao, na sikumbuki ukilalamika. Watoto wenye ulemavu katika vitabu vya wakati ule walikuwa wa kuombewa na kuhurumiwa. Mimi ndiye niliyemsimamisha mmoja nikampa kengele mkononi. Mtoto "awe tu" si hadithi. Mhariri hawezi kununua karatasi kwa ajili ya mtoto anayekaa.

Msalimie mama yako.

Mjomba wako

11 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimesubiri hasira zako zipoe, na zangu pia. Mama hajambo, anakusalimu, anasema ulikuwa unanuna hivyo hivyo tangu mdogo na dawa yako ilikuwa kuachwa.

Sikuachi. Tumefunga shule jana, na siku zote hizi nimekaa maktaba ya shule, ambayo ni kabati moja lisilo na kitasa. Nimetoa vitabu vyote vyenye mtoto asiyeona, asiyesikia, asiyetembea. Havijai mkono. Katika kimoja mtoto anakufa na wote wanajifunza upendo. Katika kingine anapona ukurasa wa mwisho, anatupa magongo mtoni, na watu wanashangilia. Nikajiuliza yule binti angefanya nini na ukurasa ule, atupe magongo yake halafu arudi nyumbani na nini? Katika vilivyobaki anaokoa watu. Chako ndicho kizuri kuliko vyote na sisemi hivyo kwa kukubembeleza. Ni kitabu pekee ambacho mtoto ana mbwa, ana jino lililong'oka na ana hasira. Nimekuwa mwalimu kwa sababu yake. Ndiyo maana nimekuomba wewe na si mtu mwingine.

Lakini yale magongo ya wima, Mjomba. Wewe unajua kwamba yanaanguka. Kwenye harusi yangu yaliteleza kwenye kiti wakati wa hotuba, ukumbi mzima ukageuka, na wewe ukacheka wa kwanza ili wasipate nafasi ya kusema maskini. Nilikuona. Sijui ulichora wima kwa sababu gani na hujawahi kuniambia.

Mama wa mtoto amekubali kungoja mpaka shule zifunguliwe mwezi wa tano. Zaidi ya hapo hawezi, bibi ameshaandaliwa.

Mpwa wako

6 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Tunaendelea vizuri. Mkaza mjomba wako ana nafuu ya mgongo na hasira na mimi, utajua kwa nini.

Kifurushi hiki ukifungue kwa uangalifu, karatasi hazijabanwa. Mhariri hajakiona na wala sijali. Nilikasirika na barua yako hadi nikaikunja nikaiweka chini ya mguu wa meza, ule unaoyumba. Meza ikatulia, nikaona nikae nichore kidogo, kuonyesha tu kwamba haiwezekani. Nikamchora msichana anataka sukari. Basi. Sukari iko juu ya kabati, ndani ya kopo, na mama amesema isiguswe. Anaweka gongo moja kando, anatumia jingine kuvuta kopo. Anakula. Anakula sana. Na lile gongo aliloliegemeza linateleza.

Hapo ndipo nilipokwama. Nimechora magongo maisha yangu yote na sijawahi kuchora gongo lililoanguka. Sikujua linalalaje. Ikabidi nichukue la kwangu nilibwage sakafuni nilitazame. Nikabwaga tena, na tena, nipate jinsi linavyoruka kidogo kabla ya kutulia. Mkaza mjomba akaja mbio kutoka uani akidhani nimeanguka, akanikuta nimekaa kitini nachora, akanisema mimi na ukoo wetu wote, wewe ukiwemo.

Mama yake msichana anaingia. Msichana, mdomo umejaa sukari, anasema ni paka. Nilichora uso ule nikicheka peke yangu. Sijacheka nikichora tangu jogoo.

Na mpira wa chini ya gongo nimeuchora umelika upande wa nje, kama unavyolika kweli. Nadhani huyo binti ataona. Mwambie mchoraji anamheshimu. Ana jicho ambalo wengine tunalipata uzeeni, na ametumia sentensi moja kunitikisa kuliko mhariri alivyonitikisa kwa miaka.

Uliniuliza kwa nini nilichora wima. Barua imekuwa ndefu.

Mjomba wako

9 Juni

Mjomba wangu wa pekee,

Shikamoo, na mpe mkaza mjomba pole kutoka kwa ukoo mzima. Mama ameona picha ya msichana mwenye sukari mdomoni akasema huyu ni wewe, Mjomba. Nikamwambia lakini ni msichana. Akasema hata hivyo.

Nikueleze kila kitu. Nilikwenda kwa yule binti na kifurushi chako kabla shule hazijafunguliwa. Nikamsomea mwenyewe, pale pale kizingitini. Tulipofika ukurasa wa gongo kuanguka aliligonga kwa kidole na kusema, "Eeh. Hivyo." Kisha akauona mpira uliolika, akageuza gongo lake akanionyesha, ni upande ule ule. Mama wa kitabuni anapoingia, binti akaziba macho. Nami nikafunga kifurushi nikasema ukurasa wa mwisho nimeusahau shuleni. Usinihukumu. Siku ya kufungua alikuwa getini kabla yangu, amenuna, anadai ukurasa wake.

Darasani nikasoma kama nisomavyo, mnaona nini, mnaona nini. Unajua waliona nini? Waliona sukari. Ukazuka ugomvi mkubwa kama ni haki kumsingizia paka. Nusu wakasema paka hana hasara, hachapwi. Binti akasema paka ananyimwa maziwa, hiyo ni hasara. Profesa akasema gongo haliwezi kuvuta kopo kutoka juu ya kabati, mchoraji amedanganya. Binti akasimama, akaenda mpaka kabatini, akavuta chini sanduku langu la chaki kwa gongo, chaki zikavunjika zote. Hakuna aliyepiga makofi. Profesa alisema, "Sawa, umeshinda," akaanza kuokota chaki. Mimi nilijifanya natafuta kitu mkobani, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa.

Tangu hapo mkoba anabeba mwenyewe, au ananyang'anywa kwa utani. Kiti cha wageni nimekiomba kwa mwalimu mkuu kirudi ofisini. Alishangaa, nikamweleza, akanisikiliza mpaka mwisho na akakibeba mwenyewe. Rede wameibadilisha: yeye hakimbii, ni mrushaji, na ana shabaha kali, wenzake wanaikoma.

Juzi sasa. Nimenunua gundi ya kukiunga kitabu chako, kwa maana kimeshikwa na mikono mingi. Niliiacha mezani. Nikatoka, nikarudi, nikakaa. Nilipotaka kusimama, kiti kikasimama na mimi. Nilipouliza ni nani, darasa zima likajibu ni paka.

Waliojulikana ni watatu: Profesa, rafiki yake, na mpangaji wa mambo yote, aliye na magongo mawili. Nikawaita wazazi, kama tunavyofanya siku zote.

Mama yake alikuja na sare ya kazini, mikono bado ina mikunjo ya maji. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa. Alisema, "Mwalimu, najua. Sema tu, nitamchukua." Alidhani nimemwita nimwambie shule imemshindwa mtoto. Nikamwambia hapana mama, kaa, mwanao amenigandisha kwenye kiti.

Akanitazama. "Amefanya nini?"

Nikarudia.

"Peke yake?"

"Na wenzake wawili."

"Wenzake," akasema. Akakaa. Kisha akasema tena, taratibu, "Na wenzake."

Halafu, Mjomba, akamgeukia mtoto akamgombeza mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini. Alimgombeza kwa sauti ya mtu aliyekuwa ameiweka akiba. Mtoto kainamisha kichwa kama wenzake, anakodolea macho vidole vya miguu, na mdomo unamcheza. Adhabu ilikuwa kusugua madawati yote. Nilipotaja kwamba anaweza kusugua ya mbele tu, mama akanikatiza. "Usimpunguzie," akasema. Akatoka akifuta macho kwa kiwiko. Kwa bibi hamna tena safari.

Mpwa wako

25 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Sina habari za kuku leo.

Nimeisoma barua yako barazani, nikaondoka nikaenda kukaa ndani. Nataka kukujibu lile swali.

Nilikuwa mtundu kuliko mama yako na mama yako alikuwa hatari. Mama, yaani bibi yako, aliitwa shuleni kwa ajili ya dada hadi walinzi wakamzoea. Siku moja nami nikavunja kioo cha darasa kwa jiwe, mwalimu akiniona kwa macho yake. Nikasubiri. Mwalimu akaokota vipande mwenyewe, akanipapasa kichwa, akaendelea kufundisha. Nikavunja kingine wiki iliyofuata. Akanipapasa tena. Nikaelewa kwamba hata nikibomoa shule nitapapaswa. Nikaona basi, kama siwezi kugombezwa kama wengine, afadhali nisifiwe. Moto nimeuchora kwa sababu hiyo, na kengele, na magongo yasiyoanguka.

Wewe umefanya kazi ambayo mimi nimeishi miaka yote hii bila kujua kwamba inaweza kufanywa. Sina sifa ya kukutosha. Mhariri nimemwambia kile cha kengele kingoje, kwanza kitoke hiki cha sukari.

Bibi yako alikuwa na gauni la kijani la kuendea shule akiitwa. Akilivaa, alikuwa ananitazama mimi kwanza, kama anauliza. Mimi natikisa kichwa, kwamba ni kwa ajili ya dada, si mimi. Angefurahi sana, siku moja tu, kulivaa kwa ajili yangu.

Mjomba wako